Kutoka Matanga hadi Mvuke na Deraya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Manowari za Karne ya 19

Manowari ya matanga ilikuwaje kabla ya mabadiliko haya kuanza?

Chukua HMS Victory (HMS ni alama ya meli za kifalme za Uingereza), iliyoshuka majini mwaka 1765 na kupigana kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805. Ilikuwa na mizinga 104, mabaharia na askari wapatao 820, na sitaha tatu za mizinga zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mizinga mizito zaidi, ya kurusha tufe la ratili 32 (kama kilo 14.5), ilikaa sitaha ya chini kabisa ili meli isielemewe juu. Ubavu wake wa mwaloni ulifikia unene wa sentimita 60 hivi kwenye usawa wa maji.

Meli kama hiyo haikuzamishwa kirahisi kwa tufe la chuma. Tufe liliacha tundu la mviringo, mbao za mwaloni zikajifunga kiasi, na seremala aliyekuwa tayari na vizibo vya mbao na lami akaziba kilichobaki. Waliokufa wengi waliuawa na vipande vya mbao vilivyoruka ndani, na meli nyingi zilisalimu amri kwa kukosa watu na milingoti, zikiwa bado zinaelea. Hili ni la kukumbuka unaposoma yanayofuata: deraya, yaani vazi la mabamba ya chuma, haikubuniwa kwa ajili ya tufe.

Basi ilibuniwa kwa ajili ya nini?

Kombora, yaani tufe lenye uwazi ndani, lililojazwa baruti na kuwekewa utambi. Makombora yalikuwepo zamani, lakini yalirushwa juu kwa mizinga mifupi ya kuzingira ngome. Miaka ya 1820 afisa Mfaransa Henri-Joseph Paixhans aliunda mzinga wa kuyarusha kwa mstari ulionyooka, kama tufe la kawaida. Kombora likinasa kwenye ubavu wa mbao na kulipuka humo, linafungua tundu lisilozibika, na moto unaingia kwenye meli iliyojaa lami, kamba na turubai.

Mfano unaotajwa kila mara ni Sinop, tarehe 30 Novemba 1853, ambapo kikosi cha Urusi chini ya Nakhimov kiliteketeza kikosi cha Waturuki bandarini. Tahadhari kidogo inahitajika hapa. Warusi walikuwa na meli kubwa sita za mstari (zile zilizopigana zikiwa zimejipanga mstari mmoja) dhidi ya frigati, yaani meli za vita za ukubwa wa kati, na meli ndogo, na hata kwa matufe ya kawaida wangeshinda. Kilichotisha mataifa mengine ni namna meli zilivyoungua. Jambo lingine lisilotajwa sana: meli ya Kituruki iliyofanikiwa kutoroka, Taif, ilikuwa ya mvuke.

Injini ya mvuke ilikuwepo tangu mwanzo wa karne. Kwa nini wanamaji walichelewa kuitumia vitani?

Hawakuikataa kwa ujinga, ingawa husemwa hivyo mara nyingi. Marekani ilishusha meli ya vita ya mvuke, Demologos ya Robert Fulton, mwaka 1814. Tatizo lilikuwa gurudumu la pembeni. Gurudumu kubwa kila ubavu lilikula nafasi ya mizinga katikati ya meli, na tufe moja likilivunja, meli imelemaa. Fulton alilificha gurudumu lake moja katikati, kati ya viunzi viwili, lakini meli ikawa ya kulinda bandari tu. Baharini kwenye mawimbi, gurudumu la upande mmoja lilitoka majini huku la pili likizama kupita kiasi. Makaa yalipopungua meli ikanyanyuka, na magurudumu yakashika maji kidogo kuliko yalivyopangiwa.

Injini yenyewe ilisimama juu ya usawa wa maji, mahali pa kupigwa. Kwa hiyo meli za magurudumu zilifanya kazi za kuvuta, kubeba barua na kupanda mito, na huko zilifaa sana.

Rafadha ilileta tofauti gani?

Rafadha, yaani panga linalozunguka na kuisukuma meli, inakaa chini ya maji, nyuma kabisa, na injini inalazwa chini ya usawa wa maji. Ubavu wote unabaki kwa mizinga. Francis Pettit Smith kule Uingereza na John Ericsson, Msweden aliyehamia Marekani, waliifanyia majaribio miaka ya 1830, na USS Princeton ya Ericsson ilishushwa mwaka 1843.

Jaribio maarufu ni la tarehe 3 Aprili 1845: HMS Rattler ya rafadha na HMS Alecto ya magurudumu zilifungwa kamba shetri kwa shetri (nyuma kwa nyuma), kila moja ikivuta kwa nguvu zote, na Rattler ikaiburuta mwenzake kinyumenyume kwa kasi ya zaidi kidogo ya noti 2 (noti ni kipimo cha kasi baharini). Ilikuwa onyesho zuri kwa umma, lakini wakati huo Admirali ya Uingereza, yaani mamlaka ya jeshi la majini, ilikuwa tayari imeagiza meli nyingine za rafadha. Ushahidi wa maana ulitokana na majaribio mengi ya kasi na ya maumbo ya rafadha yaliyofanywa kabla ya hapo.

Ugumu halisi ulikuwa mahali ambapo mhimili wa rafadha unapita kwenye shetri. Fani, yaani vishikilio ambamo mhimili huzunguka, zilizotengenezwa kwa shaba nyeupe na nyekundu zililika upesi, mhimili ukaanza kucheza, maji yakaingia. Katikati ya miaka ya 1850 John Penn na Smith walipata jibu: vipande vya mti mgumu uitwao lignum vitae, vilivyopangwa kuzunguka mhimili na kulainishwa na maji ya bahari yenyewe. Bila fani hiyo, meli ya rafadha isingesafiri mbali kwa usalama.

Mwaka 1850 Ufaransa ilishusha Napoléon, kazi ya Stanislas Dupuy de Lôme, meli ya mizinga 90 iliyosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya rafadha. Kuanzia hapo meli kubwa ya matanga matupu haikuwa na nafasi katika mstari wa vita.

Kama chuma kilijulikana, kwa nini hawakujenga meli zote za chuma mapema?

Walijaribu. Tatizo la kwanza lilikuwa dira, kwa kuwa chuma huivuruga sindano. George Airy alionyesha mwaka 1838 namna ya kuisahihisha kwa sumaku na vipande vya chuma vilivyowekwa kando ya dira. La pili lilikuwa zito zaidi. Majaribio ya kupiga mizinga katika miaka ya 1840 yalionyesha kuwa ubavu mwembamba wa chuma, tufe likiupiga, hupasuka kwa kingo zilizochanika zisizozibika na kurusha vipande ndani. Frigati za chuma za Uingereza zilizokuwa zikijengwa zikageuzwa kuwa meli za kubeba askari, mojawapo ikiwa Birkenhead, iliyozama mwaka 1852 pwani ya Afrika Kusini.

Chuma chembamba ni kibaya kuliko mbao. Chuma kinene ni bora kuliko vyote viwili, ila ni kizito mno kwa meli isiyo na injini ya nguvu.

Deraya ilithibitika lini?

Kinburn, kwenye Bahari Nyeusi, tarehe 17 Oktoba 1855. Ufaransa ilipeleka vyelezo vitatu vya mizinga, yaani majukwaa ya mizinga yanayoelea, Dévastation, Lave na Tonnante, vyenye mabamba ya chuma ya milimita 110 juu ya mbao nene. Vilisogea karibu na ngome za Urusi, vikapigwa makumi ya mara, na mabamba yakabaki na mashimo madogo tu. Madhara ndani yalitokana hasa na risasi zilizopita kwenye madirisha ya mizinga.

Dupuy de Lôme akatumia wazo hilo kwenye meli ya bahari kuu. Gloire, iliyoshushwa Toulon tarehe 24 Novemba 1859, ilikuwa ya mbao iliyofunikwa chuma cha milimita 120. Waingereza walijibu na HMS Warrior, iliyoshushwa Blackwall, London, tarehe 29 Desemba 1860, siku ya baridi kali hivi kwamba meli iliganda kwenye njia ya kushukia. Warrior ilikuwa ya chuma mwili mzima, tani zaidi ya 9,000, urefu wa mita 128, na kwa mvuke pekee ilipita noti 14.

Deraya ya Warrior ilijengwaje hasa?

Kutoka ndani kwenda nje: kwanza mbavu na ngozi ya chuma ya mwili wenyewe. Juu yake tabaka la mbao za msaji lenye unene wa milimita 229, kisha tabaka la pili la unene huo huo lililolazwa kukatisha la kwanza. Mwisho bamba la chuma cha kufua la milimita 114. Vyote vilishikwa na bolti ndefu zilizopita hadi ndani na kufungwa kwa nati.

Msaji haukuwekwa kuzuia risasi. Risasi ikigonga bamba, mtikisiko hukimbilia kwenye bolti, kichwa cha bolti kikakatika na nati kuruka ndani ya sitaha, ikiua kama risasi. Mbao hunyonya mtikisiko huo na kulipatia bamba mahali pa kuegemea. Msaji ulipendwa kuliko mwaloni kwa sababu mwaloni una asidi inayokula chuma.

Kingo za mabamba zilichongwa ulimi na mfereji ili ziingiane. Kwenye majaribio ya shabaha ilionekana vizuri, lakini bamba moja likiharibika ilikuwa vigumu kulitoa bila kusumbua majirani zake, na ufundi huo uliachwa kwenye meli zilizofuata.

Deraya haikufunika meli nzima. Ilifanya sanduku la mita 65 katikati, likiwa na kuta za chuma mbele na nyuma, kulinda mizinga mingi, injini na bwela (matangi ya kuchemshia maji ya mvuke). Omo (mbele) na shetri zilibaki wazi, pamoja na mitambo ya usukani. Huo ndio udhaifu mkubwa wa Warrior. Wasanifu walijua, lakini chuma zaidi kwenye ncha kingeifanya omo ijikite kwenye mawimbi.

Kati ya Monitor na Virginia, nani alishinda?

Hakuna. Tarehe 8 Machi 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pale Hampton Roads, CSS Virginia ya majimbo ya Kusini iliziangamiza meli mbili za mbao, Cumberland kwa kuitoboa na Congress kwa moto. Kesho yake ilikutana na USS Monitor ya Ericsson, na zikapigana kwa saa nyingi bila kutobozana.

Sababu ni za kawaida kabisa. Virginia ilibeba makombora zaidi kwa kuwa ilitarajia meli za mbao, na kombora halitoboi mnara wa mabamba manane ya inchi moja moja. Mizinga miwili ya inchi 11 ya Monitor ilipewa baruti ratili 15 tu kwa amri, kwa hofu ya kupasuka. Baadaye ilithibitika ingeweza kubeba maradufu bila shida.

Ubunifu uliobaki ni mnara unaozunguka: mizinga miwili mikubwa inayolenga pande nyingi badala ya makumi yanayotazama upande mmoja. Ila sitaha ya Monitor ilikuwa chini ya nusu mita juu ya maji, na usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba mwaka huo huo ilizama kwenye dhoruba karibu na Cape Hatteras.

HMS Captain ilipinduka kwa nini?

Hili ndilo swali lenye mafunzo mengi kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo tunalijibu kwa urefu.

Cowper Coles, afisa wa jeshi la majini na mtetezi mkubwa wa minara, alitaka minara, matanga kamili na ubavu mfupi kwenye meli moja. Ubavu mfupi ulitakiwa kwa sababu mnara mzito ukikaa juu sana meli hulewa. Matanga yalitakiwa kwa sababu injini za wakati huo zilikula makaa mno. Kila hitaji peke yake lina mantiki. Yakikutanishwa, yanaua.

Meli ikiinama, upande ulio chini huzama zaidi na maji husukuma juu upande huo. Nguvu hiyo ndiyo inayoirudisha wima, na huongezeka kadiri inavyoinama, mpaka ukingo wa sitaha ufike majini. Baada ya hapo hakuna ubavu mpya wa kuzama, na nguvu ya kurudi huongezeka polepole zaidi hadi kilele, kisha huanza kupungua. Ubavu mrefu huchelewesha hatua hiyo, mfupi huiharakisha.

Captain ilikusudiwa kuwa na mita 2.4 kutoka maji hadi sitaha. Ilipokamilika ilikuwa imezidi uzito kwa zaidi ya tani 700, ikabaki na mita 2 tu. Ukingo wa sitaha uligusa maji kwenye mwinamo wa nyuzi 14, nguvu ya kurudi ilifikia kilele kwenye nyuzi 21, ikaisha kabisa kwenye nyuzi 54. HMS Monarch, meli ya minara na matanga yenye ubavu wa mita 4.3, ilifikia kilele karibu nyuzi 40. Tofauti hii haionekani bandarini: kwenye nyuzi chache za mwanzo Captain ilionekana imara kabisa.

Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Septemba 1870, nje ya Cape Finisterre, upepo mkali ulipiga matanga. Upepo husukuma kwa mfululizo, hautoi nafasi ya kujirudi kama wimbi. Meli ikapita kilele chake na kulala. Walikufa watu karibu 480, Coles akiwemo, wakanusurika 18. Mahakama ya kijeshi ilieleza kuwa meli ilijengwa kwa shinikizo la Bunge na umma, kinyume cha ushauri wa wasanifu wa Admirali. Hesabu za mwinamo zilikuwa zikifanywa majuma yale yale, na baada ya msiba huu mchoro wa nguvu ya kurudi hadi mwinamo mkubwa ukawa sehemu ya kazi ya kila msanifu.

Basi kwa nini hawakuyaondoa matanga mapema?

Kwa sababu ya maji ya chumvi. Bwela za Warrior zilifanya kazi kwa msukumo wa takriban paundi 20 kwa inchi ya mraba na kulishwa maji ya bahari. Maji yakichemka, chumvi na chokaa vinabaki na kuganda kwenye chuma kama kwenye birika, na gamba hilo huzuia joto hadi bamba la bwela kuungua. Mafundi walipima wingi wa chumvi na kumwaga maji ya moto baharini mara kwa mara, wakipoteza makaa kila mara. Ukiongeza msukumo, gamba linaganda upesi zaidi, kwa hiyo injini bora haikuwezekana.

Injini za aina hiyo zilikula karibu kilo 2 za makaa kwa kila nguvu-farasi kwa saa. Warrior ilifikisha zaidi ya nguvu-farasi 5,000 na ilibeba tani 850, yaani makaa ya siku tatu na kitu kwa kasi kamili. Ndiyo maana dohani zake zilishushwa na rafadha yake ya tani 26 ikainuliwa kwa nguvu za mamia ya watu kila ilipotumia matanga.

Jibu lilikuwa kigandishi cha mabomba, kinachogeuza mvuke uliotumika kuwa maji safi na kuurudisha kwenye bwela. Nacho kilileta ugonjwa wake: shahamu ya wanyama iliyolainisha silinda ilirudi na maji, ikageuka asidi na kutoboa bwela. Mafuta ya madini yalipochukua nafasi yake, msukumo ukapanda: paundi 60 miaka ya 1870 kwa injini za hatua mbili, zaidi ya 130 miaka ya 1880 kwa injini za hatua tatu, na makaa yakapungua kwa nusu. HMS Devastation, iliyoshushwa mwaka 1871, haikuwa na matanga kabisa. Ilikuwa na minara miwili, mizinga minne na nafasi ya tani zaidi ya 1,300 za makaa.

Kwa nini deraya ilinenepa halafu ikakonda?

Kwa sababu chuma chenyewe kilibadilika. Kilele cha unene kilikuwa HMS Inflexible, iliyoshushwa mwaka 1876: milimita 610 kwa jumla, katika tabaka mbili zenye msaji katikati. Uzito huo uliwezekana tu kwa kufupisha sanduku la deraya.

Kisha likaja bamba la mchanganyiko, uso wa feleji uliounganishwa na mgongo wa chuma laini. Uso ulivunja risasi lakini mara nyingine ulibanduka. Feleji ya nikeli ilipunguza kupasuka. Mnamo 1890 Harvey wa Marekani alizidisha kaboni kwenye uso wa bamba na kuufanya mgumu kwa kuupoza ghafla. Kiwanda cha Krupp kikaongeza kromiamu na kuufanya ugumu uingie ndani zaidi. Kwa makadirio yanayotumika sana, inchi 15 za chuma cha kufua zinalingana na 12 za mchanganyiko, 7.5 za Harvey na 5.75 za Krupp.

Pembe ya kugongea omoni ilifaa kitu?

Kidogo. Ushindi wa Tegetthoff wa Austria pale Lissa mwaka 1866, alipoizamisha Re d'Italia, meli ya Italia, kwa kuigonga, uliwafanya wote waige. Re d'Italia ilikuwa imepoteza usukani. Baada ya hapo pembe zilizamisha zaidi meli za upande wao wenyewe: Vanguard mwaka 1875, na Victoria mwaka 1893, ilipozama na watu 358.

Pwani yetu inahusikaje?

Kuliko wengi wanavyodhani. Sayyid Said alikuwa na Liverpool, meli ya mizinga 74 iliyojengwa Bombay kwa msaji mwaka 1826. Aliitoa zawadi kwa Mfalme William IV mwaka 1836, ikaitwa HMS Imaum. Kuanzia 1874 HMS London, meli ya zamani ya sitaha mbili, ilitia nanga Unguja kama kituo cha mashua za kuwinda majahazi ya watumwa. Meli kuu ya mbao ilikuwa imefikia kazi ya ghala.

Tarehe 27 Agosti 1896 HHS Glasgow, meli ya Sultani iliyojengwa baada ya kimbunga cha 1872 kuharibu meli za Barghash, ilipambana na HMS St George, kruza ya feleji. Ilizama bandarini, na milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka. Hayo ni mapengo ya usanifu yakionekana kwa dakika chache.

Mwaka 1914 SMS Königsberg, meli ya Ujerumani, iliizamisha HMS Pegasus hapo hapo Unguja, Pegasus ikiwa imesimama kwa matengenezo ya mitambo. Kisha Königsberg yenyewe ikajificha kwenye delta ya Rufiji, kwa uhaba wa makaa na mitambo mibovu iliyobidi kuburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Julai 1915 iliangamizwa na Severn na Mersey, meli za maji mafupi za aina ya monita. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Je, meli za chuma zilisumbuliwa na makome kama majahazi?

Zaidi. Jahazi hupakwa deheni ya shahamu na chokaa, na meli za mbao za Ulaya zilivikwa shaba, ambayo huzuia funza watoboao mbao na mwani. Shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa. Meli za chuma kwenye maji ya joto zikaota haraka na kupoteza kasi. Meli nyingi zilizokusudiwa vituo vya mbali zilivikwa mbao juu ya chuma, kisha shaba juu ya mbao, na bolti moja iliyowekwa vibaya ilitosha kuanzisha ulaji.

Zipi bado zinaweza kutembelewa?

Victory na Warrior ziko Portsmouth, Huáscar iko Talcahuano, Chile, na Mikasa iko Yokosuka, Japani. Ukiwa ndani ya Warrior, simama sitaha ya mizinga na tazama unene wa ukuta kwenye dirisha la mzinga, ambapo chuma na msaji huonekana pamoja, kisha shuka kwenye bwela. Mnara wa Monitor uliinuliwa baharini mwaka 2002 na unahifadhiwa Newport News, Virginia, pamoja na mizinga yake miwili.